Uso Unaokula Nafasi

Tovuti yangu ya kwanza niliitengeneza mwenyewe, kwa simu, nikiwa kitandani na homa. Ilikuwa mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu wameshalisema wengi. Nyuma niliweka rangi ya zambarau iliyokoza, juu yake maua ya dhahabu yaliyometameta kila ukigusa kioo, na jina la kazi yangu nikaliandika kwa herufi za mikia mirefu ambazo hata mimi nilizisoma kwa kubahatisha. Chini kulikuwa na picha za mikono, mikono ya mabibi harusi wa Malindi, Mambrui, Watamu na Kilifi, yote niliyoipaka mimi, hina nyekundu na piko nyeusi, maua yamepanda mpaka kwenye kiwiko. Na juu kabisa, kubwa kuliko kila kitu, niliweka picha ya uso wangu.

Uso wangu una kovu. Si kovu la kuchekea, la mtu aliyejikwaa utotoni. Linaanzia chini ya jicho la kushoto, linachukua shavu lote, linavuta pembe ya mdomo kwenda chini, kisha linashuka shingoni na kuingia ndani ya nguo. Mkono wa kushoto nao umepata sehemu yake, kwa kuwa niliuinua kujikinga. Upande wa kulia ni mzima. Watu wenye huruma hunizunguka wakitafuta kukaa upande huo, na mimi huwaacha wahangaike, halafu nageuka.

Picha ile niliiweka kwa makusudi. Mpaka piko, mwanamke wa kazi kama yangu, haachwi barazani. Anaingia chumba cha ndani, anakaa mkekani, anashika mkono wa bi harusi kwa saa nyingi, na uso wake uko karibu na uso wa mwenziwe kiasi kwamba wanapumuliana. Nilikuwa nimechoka na mshtuko wa mlangoni. Mama wa bi harusi anafungua akicheka, kicheko kinamgandia, "karibu" inachelewa, macho yanatafuta kitu kingine cha kutazama. Watoto wanakimbilia uani. Bi harusi mwenyewe anatazama dari mpaka nimalize, kama mtu anayeng'olewa jino. Basi nikawaza, waacheni washtukie makwao, simu mkononi, mahali ambapo mimi siwaoni. Mwenye kustahimili atapiga, asiyestahimili atafute mwingine. Sikutaka kingine kutoka kwa tovuti ile. Nilitaka nikifika kwa mtu awe amekwisha kuniona.

Tatizo ni kwamba kwetu mkono wa bi harusi hauguswi na yeyote tu. Hutafutwa mwanamke mwenye nyota njema, aliyeolewa akatulia, mwenye mwili mzima, asiye na msiba. Mjane asisogee, aliyeachwa asisogee, na mtu kama mimi asifikiriwe kabisa. Ukiwauliza watakwambia si dini, na kweli si dini, shekhe akiwasikia atawakemea. Wanasema ni mambo ya wanawake tu, ni kuogopa nuksi. Kwa hiyo wateja wangu walikuwa wale waliobanwa na wakati, au waliotoka mbali, au walioona kazi yangu kwenye mkono wa mtu wakashindwa kujizuia. Hao wa mwisho walinipokea kwa ubani. Nimefukizwa mlangoni mara nyingi, chetezo kikizungushwa miguuni mwangu huku nikiambiwa niingie kwa raha zangu, nisiwe na wasiwasi, hapa ni nyumbani.

Mambo ya kuitengeneza upya tovuti yalianzia Mambrui. Kulikuwa na familia kubwa huko, yenye harusi ya binti wa kwanza, harusi ambayo kila mpaka piko wa pwani yetu aliiwania, kwa sababu mabibi harusi wengine wote wa msimu wangeiga watakachokiona pale. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alijuana na mama wa binti. Akawapelekea tovuti yangu. Wakaipenda mikono. Kisha likaja swali: "Huyo mtu kwenye picha ndiye mpakaji?"

Shangazi alikuja nyumbani na swali hilo baada ya sala ya alasiri, akaliweka katikati ya ukumbi. Walikuwepo mama yangu na mdogo wangu wa kike. Mdogo wangu ni mzuri, na hili nalo nalisema bila choyo, kwa sababu lina kazi katika habari hii. Ana uso wa baba, ngozi laini, na vidole virefu ambavyo pete yoyote huvipenda. Aliolewa kwa shangwe na akarudishwa nyumbani piko yangu haijafutika mikononi mwake. Sababu yake haikusemwa wazi, na nyumbani kwetu jambo lisilosemwa wazi huhesabiwa halikutokea.

"Tovuti yako yataka kutengenezwa," alisema shangazi.

"Ina nini?"

"Ina..." Akamtazama mama, mama akatazama kahawa yake. "Ina mambo mengi. Macho yachoka. Itafutiwe mtu anayejua."

"Rangi," akasema mdogo wangu upesi. "Shangazi asema rangi."

Shangazi hakuwa amesema rangi. Lakini nilijua zambarau ile ni mbaya, na nilitaka kazi ya Mambrui kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nikakubali.

Fundi tuliyempata alikuwa Kilifi, mtu mzima wa makamo kutoka Ganze, mwenye duka la kuchapisha mabango. Alichapisha mabango ya matanga, ya harusi na ya siasa kwenye mashine moja, na alikuwa na adabu ileile kwa wote. Nilikwenda kwake na simu yangu, akaifungua tovuti kwenye kioo kikubwa cha kompyuta, akaitazama akikuna ndevu.

"Dada," alisema, "hii uliifanya mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Pole."

Nilimpenda kwa hilo neno. Alianza kutoa. Alitoa zambarau akaweka nyeupe yenye joto kidogo, ya rangi ya tui la nazi. Alitoa maua yanayometameta. Alitoa herufi za mikia, akaweka herufi nyoofu zilizosomeka hata kwa mtu asiye na miwani. Picha za mikono alizipanga, akazipunguza mwanga uliozidi, akaziachia nafasi kati yake. Kila alichokitoa kilistahili kutoka. Nilikaa pembeni yake nikaona kazi yangu ikijitokeza kidogo kidogo, na nilihisi furaha ambayo sikuwa nimeitegemea, kwa sababu sikuwahi kuiona kazi yangu bila takataka zangu mwenyewe.

Kisha akafika juu, kwenye picha.

"Usinichukie, dada. Mimi nasema ya kazi tu." Akaweka kidole kwenye kioo. "Uso unakula nafasi. Mtu akifungua, jicho linaanza hapa, na likianza hapa haliendi tena. Mikono hii yote haionekani. Afadhali tutie nembo, halafu uso ukae chini huko, mdogo."

Sikumchukia. Alikuwa ameshakisema kile ambacho wenzangu walikisema kwa kutazama kahawa.

Lakini uamuzi haukuwa wangu na wake. Mdogo wangu alikuwa amempa fundi grupu la familia ili sampuli zote zipelekwe huko, "tuone wote." Ndivyo tunavyofanya kila kitu kwetu. Bati la paa, jina la mtoto, kitambaa cha pazia, vyote hupita grupuni, watu wa Malindi na wa Mombasa na wale walio Uarabuni wakatoa maoni, na mwenye shughuli husubiri. Basi uso wangu nao ukapita.

Sampuli ya kwanza ilikuwa uso wangu umepunguzwa, umekaa pembeni ya jina la kazi. Watu wakaweka vidole gumba. Mama, ambaye si mwandishi wa grupuni, aliandika neno moja: "Bado."

Fundi akakata. Akaleta nusu ya uso, upande wa kulia tu, ule mzima. Nilijiona nimekuwa msichana niliyepaswa kuwa, nusu yake, na ukuta unaanzia pale pua inapoishia. Binamu mmoja aliandika mashallah. Mama akaandika: "Bado."

Akaleta jicho la kulia peke yake, limepakwa wanja. "Bado."

Shangazi akatuma sauti, akasema kwa nini tusihangaike, avishwe ninja. Sijawahi kuvaa nikabu. Wanaoivaa kwa imani yao nawaheshimu, lakini mimi uso wangu nimeubeba wazi tangu utotoni, sokoni, shuleni, kwenye foleni ya hospitali, na ujasiri huo sikuupata bure. Fundi hakujua haya. Aliambiwa, akafanya. Aliuvisha uso wangu nikabu kwa kompyuta, weusi mmoja kutoka puani kwenda chini, umekaa vizuri kabisa, mpaka na kikunjo cha kitambaa akakitia. Ilipofika grupuni mama aliandika maneno mengi kuliko siku zote: "Hiyo nzuri sana, Mungu ambariki."

Niliisoma nikiwa jikoni. Nilikaa chini sakafuni.

Aliyeiondoa nikabu alikuwa mdogo wangu, na si kwa ajili yangu. Alisema Wataliano wa Watamu hawatatuita hotelini wakiona ninja, wataogopa. Akasema ufanywe mkono tu. Nembo ya mkono uliopakwa piko, mistari mitupu, isiyo na uso wa mtu. Wote wakaafiki. Hata mimi niliafiki, kwa kuwa kazi yangu ni mikono, na nilidhani kwamba nikishindwa uso basi angalau nitakuwepo kwa kazi.

Swali likawa ni mkono wa nani. Wangu wa kushoto una kovu. Wangu wa kulia siwezi kuupaka, maana ndio unaopaka. "Si kuna wa mdogo wako," alisema mama. "Ile ya harusi yake. Hujapata kupaka vizuri kama siku ile." Ilikuwa kweli. Siku ile nilimpaka kwa moyo wote, kuanzia asubuhi, na picha yake ilikuwa nzuri kuliko zote nilizo nazo.

Mdogo wangu akasema, "Mie sina neno," huku akivitazama vidole vyake.

Sasa, mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa, lakini fundi alitoka Ganze na kwao hawana jambo hili. Katika piko ya bi harusi hufichwa herufi ya kwanza ya jina la bwana harusi, ndani ya kiganja, katikati ya maua, na usiku wao wa kwanza bwana huitafuta. Ni mchezo wa maharusi. Herufi hiyo hukunjwa ifanane na jani au kikonyo. Fundi alipoifuata picha kwa mstari, kila jani na kila kikonyo, aliifuata na herufi. Kwake ilikuwa ua. Tena aliiona inapendeza, akaikoleza kidogo.

Nembo ilipofika grupuni niliiona herufi hiyo kabla sijaona kitu kingine. Niliichora mwenyewe, ningekosaje kuiona? Nikaandika: "Hapo kiganjani pana herufi ya yule bwana. Itolewe." Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa. Ukweli ni kwamba mtu asiandike jambo la maana kwenye grupu la familia asubuhi ya Ijumaa. Mara ikaja picha ya waridi ya Jumaa njema, ikaja ya Kaaba, ikaja dua ndefu kutoka Maskati, yakaja mawaridi mengine yenye umande, na ujumbe wangu ukazama. Jioni mama aliandika kwamba nembo imekubaliwa na wote, alhamdulillahi.

Nilisema mara moja. Sikusema mara ya pili. Walikuwa wamenikata nusu, wakanikata jicho, wakanivisha na kunivua kitambaa, na katika muda wote huo hakuna aliyeniuliza naonaje.

Mambrui walifurahi. Tovuti mpya iliwapendeza mno, na bi harusi mwenyewe aliupenda mkono wa kwenye nembo kuliko picha zote. Akasema atapakwa huohuo, ua kwa ua. Siku ya kwenda ilipofika mama aliamuru mdogo wangu anisindikize, atangulie yeye kuingia, mimi nifuate nyuma na mkoba. "Wamwone yeye kwanza," alisema. Hakuona haja ya kupunguza sauti.

Tukapokelewa vizuri. Mama wa bi harusi alimkumbatia mdogo wangu, kisha akaniona mimi, kicheko kikamgandia, lakini shangazi alikuwa ameshamwandaa na alijikaza. Chetezo kikapita miguuni mwangu. Tukaingia chumbani. Bi harusi alikuwa msichana mpole, akanyoosha mkono bila kutazama dari, na mpaka leo namkumbuka kwa hilo. Nikashika koni ya hina nikaanza kwenye kidole cha kati.

Mle chumbani walikuwepo wanawake wengi wakinywa sharubati. Mmoja, mama mdogo wa bi harusi, alichukua simu ili anisomee nembo, nisikosee ua hata moja. Akaivuta kwa vidole viwili ikawa kubwa. Akaivuta tena.

"Hii kwani ni herufi?" aliuliza.

Nikaendelea kupaka.

"Ni herufi hii," akasema. "Nyie, hebu tazameni. Herufi ya nani?" Simu ikazunguka. Ilipofika kwa mwanamke wa dirishani ikakaa. Mwanamke huyo alikuwa ameila harusi ya mdogo wangu, na nilimkumbuka kwa vigelegele vyake. Aliitazama nembo, akamtazama mdogo wangu mikononi, akasema bila kuinua sauti, "Mkono huu naujua. Huu ni wa yule aliyerudishwa."

Mdogo wangu alificha mikono chini ya buibui, jambo baya kuliko yote ambayo angeweza kufanya.

Mama wa bi harusi aliletwa. Hakufoka. Watu wa pwani hawamfokei mgeni ndani ya nyumba. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Yaani mwanangu alikuwa apakwe mkono wa mtu aliyeachwa? Ua kwa ua?" Kisha akamshika bintiye akampeleka bafuni kuosha ile hina niliyoanza. Tukasikia maji. Tukaletewa sharubati, tukaombwa tusiondoke na njaa, tukafungiwa mahamri kwenye karatasi tuwapelekee wa nyumbani. Tulipotoka nilisikia nyuma yetu makaa ya ubani yakipulizwa.

Kwenye tuktuk mdogo wangu alilia mpaka tulipokaribia mjini. "Ulijua," alisema.

"Niliandika kwenye grupu."

Alitoa simu, akapandisha juu, akapita mawaridi, akapita dua, akaukuta. Aliusoma, akaizima simu. Nilimwonea huruma, nasema kweli, lakini ilikuwa huruma ya mtu aliyesimama mlangoni akizuia wengine wasiingie. Nilikuwa nimeishi na macho yale ya Mambrui maisha yangu yote. Yeye aliyaonja mara moja tu, tena kwa sababu ya mkono mzuri.

Mama alitusikiliza mpaka mwisho. Nilidhani ataomboleza juu ya herufi, au juu ya mdogo wangu, au atamlaumu fundi. Alinigeukia mimi. "Tumekutoa kwenye picha," alisema, "na bado umeingia."

Hapo lazima niseme jinsi nilivyoungua, kwa sababu nyumbani husemwa vingine. Husemwa kwamba nilikuwa mtundu, nikakimbia jikoni nikapiga kikumbo sufuria ya mafuta. Sikukimbia. Nilikuwa nimekaa kwenye kibao, mahali nilipoambiwa nikae, nikisubiri hamri la kwanza. Mama alikuwa na ugomvi na jirani wa dirisha la pili, ugomvi wa maneno tu, wa kila siku, na alitaka kumjibu kabla hajafunga dirisha. Akaliinua karai la mafuta kwa haraka ili apite, akiwa bado anasema, uso wake uko dirishani. Hakuwa ananitazama. Alikuwa amepata jibu zuri sana, hilo nalikumbuka, hata jirani alicheka. Tangu siku hiyo mama hajawahi kukaa upande wangu wa kushoto, na hakuna mtu kwetu aliyewahi kutamka neno karai mbele yake. Wanaliita sufuria.

Nilirudi Kilifi peke yangu. Nilimweleza fundi habari ya herufi, akasikitika sana, akataka aitoe palepale. Nikamwambia autoe mkono mzima.

"Tutie nini?"

"Nembo nzuri ikoje?" nilimuuliza.

Akafikiri. "Ikae vizuri kwa mistari michache. Na hata ukiifanya ndogo kama ukucha, mtu aijue ni ya nani, asichanganye na ya mwingine."

Nikamwambia aurudishe uso wangu wote kwenye kioo, ule wa zamani. Aliurudisha. Nikamwambia aufanye mdogo kama ukucha. Akaufanya, tukasogea wote wawili karibu na kioo. Macho hayakuonekana, pua haikuonekana, lakini ule upande wa kushoto, ule mvuto wa mdomo na mshuko wa shingo, ulikuwa pale. Malindi nzima hakuna mtu ambaye angeuliza huyu ni nani.

"Hii ni nembo," alisema fundi kwa sauti ya kazi, na nilijua hanifariji.

Aliichora asubuhi ile mbele yangu. Mstari mmoja mwembamba kwa paji, nyusi, shavu la kulia na kidevu, na mstari wa pili, mnene, kwa kovu. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizonifanyia. Ilikaa juu ya ile rangi ya tui la nazi, na chini yake mikono yote ya mabibi harusi wangu, na jicho lilianza juu likashuka bila kukwama. Alipouliza kama aipeleke grupuni nilimwambia grupu limefungwa. Halikuwa limefungwa. Aliiweka hewani tukanywa chai.

Wengi walikata mazungumzo nami msimu ule. Shangazi aliondoka grupuni, akarudishwa, akaondoka tena. Simu zikapungua, zikabaki za wale waliokwisha kuniona. Nikifika kwao mlango unafunguliwa na "karibu" inakuja kwa wakati wake.

Mama alikuja chumbani kwangu siku chache baadaye, jambo ambalo si kawaida yake. Alisimama mlangoni na simu mkononi. Mimi nilikuwa chini, nachanganya piko.

"Hii ndiyo umeiweka?"

"Ndiyo."

"Na mtu yeyote aweza kuiona? Hata wa Mambrui? Hata wa Uarabuni?"

"Yeyote, mama."

Aliitazama tena. Kidole chake cha gumba kilikuwa kinaufuata ule mstari mnene, kutoka juu kwenda chini, bila kuugusa.

"Hapa watu hawakuoni wewe," alisema. "Wataniona mimi. Kila atakayeifungua ataniona mimi na karai langu."

Neno hilo nililisubiri tangu utotoni. Nilikuwa nimejiambia kwamba siku akilitamka nitainuka nimshike, tutalia pamoja, na jambo litakwisha. Nilijitafuta ndani nikaona hakuna kilichoinuka. Piko ilikuwa imeanza kushika, ikiachwa huwa na madonge, kwa hiyo nikaendelea kukoroga.

"Najua, mama," nilimwambia. "Fundi aliniuliza kama aupunguze huo mstari. Nikamwambia aukoleze."